Waya ya Mwaka wa Kwanza

Dama mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Hounslow kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachilia mpaka ule mara mbili. Kwa hiyo nina mchana mzima peke yangu. Sanduku lako liko wazi sebuleni, limekataa kufungika, na nimeapa sitaligusa. Habari za dawa ya mbu, chaja na pasipoti nimezisema mpaka ukanikatiza, "Mum, please, nimeskia," na kweli ulikuwa umesikia. Barua hii haina hayo.

Ina jambo moja tu, nalo linahusu ile waya uliyoiviringishia soksi ya sufu ili isipindike safarini. Kesho unaipeleka Trinidad kwa mwaka mzima. Unataka kumwonyesha Bi Merle, mdogo wake marehemu Bi Ena, umwulize ni nani aliyeipinda, kisha uandike historia ya bendi yetu ya kanivali kwa ajili ya chuo. Umeniambia mara nyingi kwamba huyo mpindaji asiyejulikana ndiye kiini cha utafiti wako. Dama, mtu huyo ni mimi.

Kaa chini kama umesimama. Na usirukeruke mistari kama unavyosoma meseji zangu za simu, maana nataka ujue ilikuwaje, na nikiieleza nusu nitaonekana mwema kuliko nilivyokuwa.

Ulikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nafanya kazi ya kutunza wazee majumbani mwao, napanda basi nyumba hadi nyumba hapa Peckham, London, nusu saa kwa kila mzee. Siku ya kwanza kwa Bi Ena nilifungua mlango wa bafu ili nimwandalie maji, nikakuta ndani ya beseni la kuogea limelala bawa jekundu, refu kuliko mimi. Nilirudi nyuma nikataja jina la Yesu.

"Usilishike kwenye manyoya," akanipigia kelele kutoka chumbani. "Lishike kwenye mfupa."

"Mfupa upi, bibi?"

"Waya, darling. Waya ndiyo mfupa."

Nusu saa ikawa saa moja na nusu. Ofisini walinipigia simu kuuliza kama mteja ameanguka. Nilikuwa nimekaa sakafuni namwuliza maswali, nguo zimelowa, na yeye bado hajaoga. Unaijua tabia yangu. Mambo ya watu yananiwasha.

Aliposema ana bendi, macho yangu yalianza kutafuta gitaa. Kumbe bendi yao haipigi ala. Ni kundi la watu wanaochagua hadithi moja kila mwaka, wakashona mavazi yake na kuicheza barabarani: mwaka huu ndege, mwaka ujao samaki wa kilindini, mwaka mwingine soko linaloungua. Wenyewe huita kucheza mas. Muziki unakwenda nao juu ya lori. Bendi yake aliiita Wana wa Arima, kwa sababu alizaliwa mji wa Arima kule Trinidad, na karakana waliyoshonea waliiita kambi. Haya unayajua tangu mtoto, lakini mimi niliyajua nikiwa mtu mzima, moja moja kama mtu anayekula bisi, na sijui kama niliwahi kukuambia nilivyofurahi.

Nilimwuliza mpaka akaanza kunitengea kiti. Alinieleza kwamba huko kwao, zamani za utumwa, mabwana wa mashamba walivaa barakoa na kucheza dansi majumbani, na watumwa wakawaigiza uani kwa matambara, wakiwacheka. Walipopata uhuru wakatoka na michezo yao barabarani. Nikamwuliza, sasa London imeingiaje? Akasema imeingia kwa meli. Alishuka akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, akapata kazi ya kufua nguo za hospitali. Na kwao kanivali ni kabla ya Kwaresima, yaani hapa ni katikati ya baridi kali.

"Sasa mlifanyaje?"

"Tulicheza ukumbini, na koti juu ya mabawa mpaka mlangoni."

Baadaye, kanivali ya mitaani ya Notting Hill ikiwa imeshazoeleka mwezi wa nane, wakati wa joto, yeye na wenzake tisa walianzisha bendi jikoni kwake. Mmoja wao alikuwa Bi Merle, kabla hajarudi kwao. Wanaume waliojua kupinda waya walikuwa kazini wakati wote, basi Bi Ena akajifundisha mwenyewe kwa henga za nguo alizotoa kazini. Alisema vazi la kwanza alilipinda yeye, peke yake, na ni kweli. Nisamehe kwamba nimekuacha miezi yote hii umshuku.

Nilicheza mas mara ya kwanza mwaka uliofuata. Kanisani nilisema nina zamu. Wewe na baba yako mlisimama kando ya barabara mkila mahindi ya kuchoma, na nilipopita na mabawa yangu hukunitambua, mpaka nilipokuita. Sijawahi kuwa na furaha kama ile katika mji huu.

Basi, miaka minane iliyopita bendi iliambiwa ihame kutoka chumba cha chini ya ukumbi kilichokuwa kambi yake. Bi Ena alikuwa amevunjika nyonga, amelazwa. Desmond ndio kwanza alikuwa anakabidhiwa uongozi, hajui aanzie wapi. Nikajitolea kusafisha. Nilikuwa nimeshasafisha ofisi, hoteli na nyumba za watu, na mikono yangu huona cha kutupa kabla ya macho. Desmond alinionya, "Auntie, kama hujui ni nini, weka kando." Tatizo ni kwamba mimi nilidhani najua.

Nyuma ya mlango kulikuwa na gunia la mchele. Ndani yake mlikuwa na waya kuukuu, thelathini na kitu, zenye kutu, na kila moja imefungwa kipande cha kitambaa. Vitambaa vilinuka uvundo. Mtu wa chuma chakavu alikuwa anakuja saa nane na hakutaka chuma chenye matambara. Nilikaa juu ya ndoo na mkasi, nikakata vitambaa kimoja kimoja, nikavitia kwenye mfuko wa takataka. Waya nikazifunga kwa kamba. Hata nilizipanga kwa urefu, Dama. Niliona raha kabisa.

Kesho yake nilimpelekea Bi Ena uji hospitalini, nikamsimulia jinsi kambi inavyong'aa.

"Gunia langu la nyuma ya mlango umeliweka wapi?" akaniuliza.

"Gunia lipi?"

"La miaka."

Akanieleza, taratibu, kwa sababu dawa zilimchosha. Kila mwaka, vazi kubwa la mfalme wa bendi, lile linalotangulia barabarani, likivunjwa, alikata kipande cha waya kutoka bega la kushoto, akakifunga kitambaa cha mwaka huo, akakitia guniani. Na kabla ya kuanza vazi jipya aliingiza mkono guniani bila kuangalia, akatoa waya moja na kuifungia ndani ya vazi, ili liwajue wakubwa zake. Hakuna aliyewahi kuandika historia ya bendi. Angeshika waya yoyote angekuambia ni mwaka gani, walicheza nini, nani alilia, nani alioana na nani. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimemwuliza kila kitu kilichong'aa. Gunia lilikuwa nyuma ya mlango niliofungua kila Jumamosi, na sikuliuliza hata mara moja.

"Liko salama," nikamwambia.

Sikuwaza. Neno lilitoka lenyewe, kwa sauti nzuri, sauti ile ya kumwambia mgonjwa kwamba daktari anakuja. Kisha nikashuka ngazi mbio mpaka yadi ya vyuma. Yule bwana alinionyesha rundo lililokwisha kubanwa na mashine, akaniuliza kama kulikuwa na dhahabu. Mfuko wa matambara ulikuwa umeshabebwa na lori la taka.

Kuna jambo la kwetu sikukuambia vizuri. Babu yangu mzaa baba, kule Kaloleni, alichongewa kigango alipofariki, ule mti wenye kichwa cha duara ambao Wagiriama huusimamisha kwa ajili ya mzee wa heshima aliyeondoka. Baba alikuwa ameshaokoka na hakuwa akiupelekea chochote. Lakini siku walipokuta shimo tu, kigango kimeng'olewa kikauzwa kwa watu wa mapambo ya nyumba, baba alikaa chini akalia mbele yetu. Nilikua nikimlaani aliyekibeba. Nilimpa uso mbaya kichwani mwangu, nikampa na meno. Pale kwenye yadi ya vyuma nilimwona upya. Huenda alikuwa mtu wa kawaida tu aliyeona gogo kavu. Huenda alilifuta vumbi kwanza.

Ningerudi hospitalini siku hiyo nikasema, ingekuwa kosa tu, na makosa watu husameheana. Badala yake nilinunua waya kwenye duka la vifaa pale Rye Lane. Niliiloweka kwenye siki na chumvi ndani ya ndoo roshani kwetu, na wewe ukauliza mbona nyumba inanuka achari. Ilipoota kutu nikaipinda kwa kufuata picha ya vazi la kwanza aliyokuwa ameitundika Bi Ena ukutani. Nilikata pindo la leso yangu nyekundu, nikalichemsha mara tatu lipauke, nikalifunga. Ilinichukua wiki nzima. Kisha nikampelekea, nikasema bomba lilipasuka, gunia likaoza, na nimefanikiwa kuokoa moja tu, ya mwaka wa kwanza.

Aliishika muda mrefu. Alipitisha kidole gumba juu ya mizunguko, akaenda mbele, akarudi nyuma.

"Kwa hiyo hii ndiyo ya kwanza," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Haya." Akaomba uji.

Mwaka huo aliifungia ndani ya vazi la mfalme mbele ya bendi nzima, watu wakapiga makofi, na Desmond akanikumbatia. Nilipokea kumbatio lile. Hilo linaniuma kuliko siki na chumvi.

Alirudi nyumbani kwake, nami nikaendelea kumtunza. Hapo ndipo wewe ulipoanza kuja kukaa naye baada ya shule, akakufundisha kupinda. Kwa miaka mitano, kila nilipomaliza kumchana nywele, aliniuliza, "Una la kuniambia leo?" Nikidhani anataka umbea, nilimpa umbea. Au nilimwambia kesho ni siku ya takataka. Alinisikiliza, akaitikia, akazima redio.

Alipokaribia kuondoka alikupa wewe ile waya. Ulikuwa na miaka kumi na saba. Alikuambia, "Habari zake mwulize mama yako, yeye ndiye anayezijua." Ulikuja jikoni ukiwa na uniform bado, macho mekundu. "Mum, what did she mean?" Ulitaka kuambiwa kitu, na ulikuwa na haki ya kuambiwa. Nikakujibu kwamba anamaanisha mimi ndiye niliyeiokoa. Nilitumia neno hilo hilo, kuokoa, na ukanibusu shavuni.

Halafu msimu wa baridi uliopita ukaja na ugunduzi wako. Tulikuwa tunakula maharagwe. Uliweka waya mezani, ukaweka na moja uliyoipinda wewe.

"Mum, angalia. Bi Ena alikuwa wa mkono wa kushoto, si ndio? Kila kitu chake kinazunguka hivi. Hata mimi nazungusha hivi, because she taught me. Sasa hii ya kwanza inazunguka upande ule mwingine. Someone else made it! Kulikuwa na mtu wa pili na hakuna anayemjua."

Baba yako akaacha kutafuna. Uso wako ulikuwa unawaka kwa udadisi, na niliuona uso wangu mwenyewe sakafuni kwa Bi Ena, nimelowa maji. Nilipaswa kusema pale pale. Nikaomba chumvi.

Tangu siku hiyo umemtafuta mtu huyo kwenye picha za zamani, umewapigia simu wazee wa bendi, umeandika maombi ya nafasi ya masomo ukayatuma, na nafasi ukaipata. Kila ulipokuja na jina jipya nilikusikiliza. Makosa yangu mengine yana kisingizio, cha ujinga au cha woga. Hili halina, kwa sababu nilikuwa na miezi minane, na ulikuwa unakaa mbele yangu kila siku.

Na siku ile ya maharagwe ndipo nilipoelewa kwamba Bi Ena alijua. Alijua kwa kidole gumba kabla sijamaliza kusema uongo wangu. Mtu aliyepinda waya maisha yake yote hawezi kukosa kuutambua mkono wake mwenyewe. Mbona alinyamaza? Nimelizungusha swali hili kila upande. Labda alinihurumia. Labda aliona bendi inahitaji kitu cha kushika, na uongo wangu ulikuwa umeshafungwa kitambaa. Labda alinisubiri tu, jioni baada ya jioni, kitana changu kikiwa kichwani mwake. Jibu sina, na kati ya maswali yote niliyomwuliza yule mama, hili ndilo ningependa kumwuliza leo.

Sitaki kukuhubiria. Ninachoweza kukuambia ni kile nilichokiona kwangu: uongo wa kwanza ulinichukua nusu dakika, wa pili wiki nzima, na wa tatu nilikuwa nimeshauzoea kiasi kwamba ulipika maharagwe nami. Na kingine ni hiki. Unakwenda kwa watu wenye vitu nyuma ya milango yao. Utakuwa mwerevu kuliko mimi, utakuwa na kinasa sauti na daftari. Bado utakutana na kitu kinachonuka ukidhani unakijua. Uliza hicho.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nne. Nimeziandika tangu mwezi uliopita, kazini, kwenye basi, kila nilipokumbuka. Mimi ndiye mtu wa mwisho aliyezishika waya zote zile, na kwa kuwa nilikata vitambaa kimoja kimoja, vingi bado ninavyo kichwani. Lasi nyeupe iliyoungua ukingoni. Zambarau yenye shanga tatu, mbili za kioo. Gunia lililopakwa rangi ya dhahabu. Nailoni ya buluu, nadhani ya mwavuli. Waya moja ilikuwa na fundo katikati kana kwamba mtu alivunjika moyo akaanza upya. Nyingine ilikuwa nyembamba kama ya henga, na ilifungwa kitambaa chekundu, chekundu kweli, si kama leso yangu. Naamini hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza. Nimeandika ishirini na tisa. Bi Merle alikuwepo jikoni siku ile walipoanza. Msomee. Huenda vitambaa vingine atavijua, na miaka itarudi mmoja mmoja, hata kama waya hazirudi.

Na mimi nihoji. Nihoji kama unavyowahoji wengine, uwashe kinasa sauti, uulize maswali magumu. Andika jina langu na nilichofanya. Ile waya ichukue au iache, ni yako, ulipewa na mwenye bendi. Ukiichukua, iandike kwamba ni waya ya Rye Lane, iliyopindwa na mfanyakazi wa Bi Ena, kwa mkono wa kulia. Nafasi ya masomo ikileta matatizo kwa sababu hii, nitawaandikia barua chuoni mimi mwenyewe na kukiri.

Barua nitaiweka juu ya sanduku, si ndani. Ningeiweka ndani ungeisoma ukiwa umeshafika, na usingepata wa kumgombeza.

Kesho, nikishaona umepita pale wanapokagua mizigo, sirudi nyumbani. Nakwenda kambini moja kwa moja. Nimemwomba Desmond awaite wote, nimemwambia nina neno, naye akadhani ni sherehe ya kukuaga kwa mbali, akaahidi kuleta keki. Nimepanga niwaambie ukiwa umeshaondoka ili usisimame pale ukabeba aibu ya mama yako.

Hapana. Sentensi hiyo nimeifuta mara mbili nikairudisha, na haitaki kuwa kweli. Nimepanga hivyo kwa sababu macho yao wote nayaweza. Yako ndiyo siyawezi, na ndiyo maana nimekuandikia wakati tunakaa nyumba moja.

Niko jikoni. Mlango sijaufunga.

Mama yako